Kambale wa Ukurasa wa Sitini na Moja

Tuliachana Mwanvua akiwa sokoni Kindu, karanga mdomoni, macho yamemtoka pima. Karanga hizo hajazimeza mpaka sasa.

Karatasi iliyozifunga, ile aliyoinyoosha gotini kwa kujifurahisha tu, ilikuwa na namba chini yake: 61. Na juu, kwa herufi ndogo zilizofifia: Mwanamke wa Kalima.

Wewe uliyeazimwa gazeti hili leo na jirani, sogea nikudokezee upesi. Wengine vumilieni.

Inspekta Lukali ni mtu wa vitabuni. Vitabu vyake ni kumi na kimoja, vyote vimechapwa hapa hapa Kindu, katika matbaa iliyo karibu na stesheni, na hakuna fundi wa reli wala mchimbaji wa Kalima asiyemjua. Vinne vya kwanza aliviandika Mzee Bulaimu. Vilivyofuata ni vya Sumaili, yule kijana wa miwani. Mwaka 1972, nchi ilipobadilisha majina, vile vinne vya Mzee viliondolewa. Humo Lukali aliitwa Henri na kuvaa tai, vyote vilivyokatazwa sasa, na mambo yake mengi hayakupatana tena na vitabu vipya. Mwaka huu wa 1975 matbaa imeamua kuvirudisha, na cha tatu, Mwanamke wa Kalima, kile wasomaji walichokililia kuliko vyote, kikapelekwa kwanza ofisi ya Chama kugongwa muhuri.

Muhuri haukugongwa. Kwenye ukurasa wa 61 walimkuta Lukali akisema kwamba bendera ya mwenge, ya Chama, inafaa kupangusia sahani.

Mzee Bulaimu amefungiwa katika ofisi ya Chama tangu Jumanne. Leo ni Ijumaa. Kesho saa nne asubuhi kuna ndege ya Bukavu, na Mzee amewekewa kiti. Waliopelekwa Bukavu kwa kosa la namna hiyo, wake zao bado wanawasubiri.

Mwanvua ni msahihishaji wa matbaa, na kazi hiyo alifundishwa na Mzee mwenyewe. Sasa ana ukurasa wa 61 wa kweli mkononi, ule wa 1968, unanuka karanga. Turudi sokoni.

"Yaya Riziki, hii karatasi iko ya wapi?"

Riziki, muuza karanga, dada mkubwa wa kila mtu sokoni, hakuinua hata kichwa. "Karatasi njo karatasi. Unakula karanga ao unakula karatasi?"

"Nakuuliza kwa heshima, yaya."

"Ilitoka kwenu, ku imprimeri. Mwaka ule wa kubadilisha majina. Florentin aliwaambia vitabu vimechomwa moto, sivyo?" Riziki akajipiga kifua. "Moto wenyewe njo mimi."

Florentin ndiye mkurugenzi wa matbaa. Jina lake halali siku hizi ni jingine, refu, lakini sokoni halijafika. Kumbe bwana yule aliyeapa mbele ya Chama kwamba ameteketeza vitabu vyote, alivigawa kwa mama wa karanga. Mwanvua aliliweka neno hilo akibani.

"Na zingine ziko wapi, yaya?"

"Zilibaki nusu mufuko. Mpaka jana."

"Jana kulikuwa nini?"

"Mutu wenu alikuja kuzibeba zote. Alisema njo mali ya imprimeri. Nikamuuliza, na karanga zangu nitazifunga na nini, na nywele? Akacheka, akabeba. Ile yako ilikuwa imekwisha kufunga karanga, njo maana ikabaki."

"Mutu gani, yaya?"

Riziki alikunja vidole vyake, akavizungusha mbele ya macho yake mawili, kama mtu aliyevaa miwani.

Mwanvua alizimeza karanga bila kuzitafuna.

Njiani aliisoma ile karatasi, akitembea. Henri Lukali amerudi kwake Kalima, amelegeza tai, na mkewe Zaina amemwekea bugali na kambale wa kukaushwa kwa moshi. Lukali anakula mpaka anaramba vidole, na Zaina anamcheka, anamwambia polisi mzima anakula kama mtoto wa shule. Basi. Ndiyo yote. Bendera haimo, si upande wa mbele wala wa nyuma.

Kwa hiyo kuna mtu alimwekea Mzee maneno mdomoni. Na kuna mtu mwenye miwani aliyekimbilia sokoni kuondoa ushahidi. Mwanvua hakuhitaji Inspekta Lukali kumjumlishia.

Alimkuta Sumaili mezani kwake, matbaani.

"Sumaili, karatasi za Riziki ziko wapi?"

Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Sumaili hakusema uongo. Alivuta mtoto wa meza, akatoa bunda lililofungwa kwa kamba, akaliweka mbele yake. Chini ya bunda palikuwa na kaye ya shule, daftari jembamba la jalada la kijani. Sumaili aliusukuma mtoto wa meza kwa goti, ukafungwa. Mwanvua aliiona kaye ile, akaisahau papo hapo. Wewe msomaji usiisahau.

"Nilizitafuta juu ya Mzee," Sumaili alisema. "Baba yangu alipokufa ku reli, nani alinilea? Nani alinishikisha kalamu? Unazani nitakaa nimuangalie apande ndege?"

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na matanga, Mama. Ningekuletea muzigo juu ya muzigo?"

Kweli, wiki tatu zilizopita Mwanvua alikuwa Kailo akimzika mama yake, na ndiyo maana kitabu kile kilipita kwenda kwa Chama bila kupita chini ya macho yake. Roho ilimuuma kwamba alimdhania vibaya kijana wa watu. Wakalifungua bunda pamoja. Kurasa zote, kuanzia moja mpaka sitini, zilikuwemo. Kisha sitini na tatu na kuendelea. Lililokosekana ni jani moja tu, lile la karanga, na maneno ya mwisho ya ukurasa wa sitini yaliingia sawasawa katika maneno ya kwanza ya sitini na moja.

"Tumeokoka," Mwanvua alisema. "Nazipeleka kwa Okito wa Chama sasa hivi."

"Zote?" Sumaili alitikisa kichwa. "Okito akizishika zote, kesho utamudai nani? Mupelekee hii moja kwanza. Zingine ziache kwangu, tuone atasema nini."

Maneno ya busara, siyo? Mwanvua naye aliona ni ya busara. Sumaili ndiye aliyekuwa na haki ya kuogopa kurudi kwa vitabu vya Mzee, maana stesheni walishaanza kuulizana kama Mzee ataandika na cha kumi na mbili. Lakini kijana alikuwa anahangaika kwa ajili yake. Mwanvua alichukua jani lake moja, akachukua na Rejista yake, akatoka.

Rejista ni nini? Ni daftari kubwa lenye kila jambo la Inspekta Lukali: kovu liko goti lipi, anavuta nini, mama yake ni wa wapi, hali nini, hajaoa. Lilianzishwa baada ya vile vitabu vinne kuondolewa, ili Lukali asiwe leo hivi, kesho vile. Mwanvua ndiye mtunzaji. Halitoki matbaani bila yeye, na mtu akiliazima, awe Florentin mwenyewe, huandika jina lake na tarehe nyuma ya jalada. Kazini walikuwa wakimtania kwamba Rejista ile ndiyo mume wake wa pili.

Leo ingemgeuka.

Okito, katibu wa Chama, alimpokea wima, suti yake ya kola imefungwa mpaka shingoni, akamwita raia kwa Kifaransa cha Chama.

"Sitwayeni Mwanvua. Kama umekuja kulia, watu wengi wamekwisha kulia hapa."

"Nimekuja na karatasi."

Okito aliipokea kwa ncha za vidole, kwa sababu ya mafuta. Alianza kusoma. Akaketi. Akasoma tena. Kisha, msomaji wangu, midomo ya katibu wa Chama ikaanza kucheka yenyewe, bila idhini yake.

"Kambale," alisema. "Mungu wangu. Kambale ya Zaina."

"Unaikumbuka?"

"Nilikuwa nafundisha shule Pangi. Kitabu hiki kilipita mikono ya walimu wote, mpaka kikabaki bila jalada." Alijikohoza, akarudi kuwa katibu. "Hii iko ya kweli?"

"Iko ya kweli. Ilifunga karanga miaka mitatu."

Okito alivuta faili, akatoa ukurasa uliomtia Mzee ndani, akauweka kando ya ule wa karanga. Aliusoma kwa sauti. Humo Lukali hayuko kwake. Yuko hotelini Kalima, peke yake, na mhudumu anamletea kambale. Lukali anaisukuma sahani. Anasema: ukoo wa mama yangu, watu wa Kailo, hatuli kambale. Kisha inakuja ile sentensi ya bendera. Okito hakuisoma. Aliifunika kwa kidole.

"Anaikatala juu ya kitabu cha saba," alisema.

"Njo hivyo."

Kwa wasiojua: katika kitabu cha saba, Karamu ya Ubundu, sumu imetiwa ndani ya kambale. Wageni wote wanakufa isipokuwa Lukali, kwa sababu kambale ni mwiko wake. Ukimruhusu ale kambale katika kitabu cha tatu, cha saba kinakufa pamoja na wageni.

"Kitabu cha saba kilitoka 1973," Mwanvua alisema. "Na ninyi munasema Mzee aliandika maneno haya 1968. Namna gani mutu wa 1968 anaogopa kambale ya 1973?"

Okito alitazama ukurasa mmoja, akatazama wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, Mwanvua alipumua mpaka chini ya tumbo.

"Una haki," katibu alisema. "Hii iliandikwa upya."

"Basi Mzee arudi kwake."

"Polepole. Nimekwisha kuandikia Bukavu kwamba kesho natuma muntu. Karatasi haiwezi kupanda ndege, sitwayeni. Unipatie muntu aliyeandika hii, na mzee wako analala kwake leo."

Unaona mtego? Mwanvua aliuona. Alikuja kumwokoa mtu mmoja, sasa anaombwa amtoe mwingine. Alitaka kusema yeye si mtu wa kuuza watu. Alikuwa ameshafungua mdomo.

Lakini macho yake yalikuwa juu ya ukurasa ule, na yaligonga neno moja. Kailo.

Mama yake Lukali si wa Kailo. Ni wa mji wa Kama. Hakuna kitabu hata kimoja, katika vyote kumi na kimoja, kinachotaja alikotoka mama huyo. Jambo hilo limo katika Rejista tu. Na katika Rejista liliandikwa vibaya mara moja: wiki ya mwisho ya Ramadhani, Mwanvua alipokuwa akinakili kurasa zilizochakaa huku habari za ugonjwa wa mama yake zikimfikia kutoka Kailo. Kalamu ilikwenda ulikokuwa moyo. Alipogundua, siku ya Idi, alikata neno lile kwa kalamu nyekundu, akaandika Kama. Kosa liliishi siku nane.

Mtu aliyezoea kusahihisha ana ugonjwa wake. Akiliona kosa hawezi kunyamaza, hata likiwa lake mwenyewe, hata mbele ya katibu wa Chama.

"Mutu huyu alisoma Rejista yangu," alisema. "Na najua wiki aliyoisoma."

Akaeleza yote, kwa fahari ya fundi. Akaweka Rejista mezani. Akaonyesha wino mwekundu na tarehe.

"Na wiki ile nani aliazima?" Okito aliuliza.

"Aliyeazima aliandika jina. Kanuni ni kanuni."

Aligeuza jalada la nyuma. Alishuka na kidole: Agosti, Septemba mwanzoni, Septemba mwishoni. Kidole kikasimama kwenye jina ambalo msiba ulikuwa umemsahaulisha. Mwanvua alilifunga daftari haraka. Alikuwa amechelewa, kwa sababu mkono wa Okito ulikwisha kuingia kati ya kurasa.

"Soma," Okito alisema.

Hakusoma. Katibu akajisomea mwenyewe, jina lililoandikwa kwa mwandiko wa kulala, wa mkono unaotetemeka.

"Bulaimu."

Najua mhariri wangu angetaka niishie hapo, awatese mpaka wiki ijayo. Leo namkaidi. Nanyi fikirini mambo yalivyogeuka. Saa moja iliyopita Mzee alikuwa na kosa la 1968, kosa la zamani ambalo watu wangeweza kumwombea. Sasa ana kosa la juzi, la mwezi wa tisa, chini ya bendera hiyo hiyo. Na aliyemtia kitanzi ni mwanafunzi wake, kwa mkono wake mwenyewe, akijivunia kazi nzuri. Mwanvua aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mumulete mzee," Okito alimwambia askari wa mlangoni.

Mzee Bulaimu aliingia na kofia yake ya kufuma, viatu havina kamba. Alimtazama Mwanvua, akaiona Rejista wazi mezani, akaelewa.

"Salamu aleikum, mwanangu."

"Aleikum salam, Baba." Mwanvua aliisukuma Rejista pembeni. "Baba, unisamehe."

"Nikusamehe nini? Uliandika kweli, na mimi niliweka jina langu." Aliketi bila kuambiwa. "Sitwayeni Okito, uliza."

"Kitabu hiki ulikiandika upya?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

"Florentin alisema mbele ya watu wote: kitabu chenye kupingana na Rejista hakirudi. Mimi nimekaa miaka mitatu kama mutu aliyekufa. Watoto wa mtaa wangu wanamujua Lukali, hawajui ni nani alimuzaa. Nikaomba Rejista kwa Mwanvua. Nikamwambia nataka kukumbuka. Sikuwa na kitabu changu hata kimoja, nilikuwa nacho kichwani. Nikakaa siku nane na saumu yangu, nikaandika yote tena, yapatane. Nikafuta Henri. Nikafuta tai. Nikafuta kambale. Rejista inasema Lukali hajaoa." Alivua kofia yake ya kufuma. "Nikamufuta Zaina."

"Zaina alikuwa nani?" Swali hilo halikuulizwa na katibu wa Chama. Liliulizwa na mwalimu wa Pangi.

Mwanvua ndiye aliyejibu, akitazama sakafu, kwa sababu watu wazima wa Kindu wote wanalijua hilo.

"Halima, mke wake. Alikufa Kalima, mwaka mumoja mbele ya kitabu."

"Alikuwa na mukono wa kambale," Mzee alisema. "Na alikuwa ananicheka nikila. Nilimuweka pale ili asiende mbali. Halafu mimi mwenyewe, na kalamu yangu, nikamutoa. Siku walipomuzika sikulia kama nilivyolia siku ile."

Mwanvua alilia bila kujificha. Ningekuwapo ningelia pia, siwafichi.

Okito alijishughulisha na faili yake. "Na bendera, Mzee?"

"Bendera siijui. Naapa kwa Mungu, na nilikuwa na saumu. Mimi niliandika: alisukuma sahani, akatoka. Akatoka, basi. Hakupangusa kitu."

"Uliandika na mashini?"

"Na mukono. Katika kaye."

"Kaye iko wapi?"

"Nilimupa mutu, anipigie na mashini."

"Nani?"

Mzee alitazama dirishani.

Okito aliegemea mbele. "Sikiliza vizuri. Kama kaye ile haina sentensi ya bendera, basi sentensi iliingizwa na yule aliyepiga mashini, na wewe unalala kwako leo. Kama kaye haionekani, neno lako halina miguu, na kesho saa nne unapanda ndege. Nani?"

"Najua saa ya ndege," Mzee alisema. "Lakini siwezi kujikomboa na mutoto wa mutu."

Mwanvua alifuta macho. Kuna kitu kilikuwa kinamkereketa kichwani, kama neno lililorukwa katika mstari.

"Baba," alisema, "kaye ilikuwa ya rangi gani?"

Mzee alifumba macho. Alijua kwamba swali lenyewe linaonekana halina madhara, na kwamba jibu lake litamdhuru mtu.

"Ya kijani."

Goti. Mwanvua aliliona tena lile goti likisukuma mtoto wa meza. Akayasikia tena yale maneno ya busara: zingine ziache kwangu. Akakumbuka nani alikwenda sokoni, siku moja tu kabla yake, kukusanya kila ukurasa ambao ungeonyesha Mzee aliandika nini 1968. Na nani wasomaji wa stesheni wangemsahau kama Mzee angerudi.

"Iko katika mutoto wa meza wa Sumaili," alisema. "Niliiona leo, na macho yangu."

"Mwanvua, wacha!" Mzee alinyanyuka nusu. "Mutoto yule nimemulea mimi."

"Na wewe uliyemulea, Baba, njo upande ndege?"

Okito alimtuma askari. "Mulete Sumaili. Na kaye ya kijani."

Wakakaa wakisubiri. Kutoka pale mpaka matbaa ni mwendo mfupi tu, unapita stesheni, unakata kushoto. Askari alikawia. Mwanvua alihesabu mabehewa yaliyokuwa yakisukumwa relini, akapotea, akaanza tena. Kwa nini anakawia? Kufungua mtoto wa meza kunataka muda gani?

"Sitwayeni katibu," Mzee alisema kwa sauti ndogo. "Naweza kusoma karatasi ile? Ile ya karanga."

"Njo ushahidi, Mzee."

"Sitaila."

Okito alisita, kisha akaisukuma mezani. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, midomo ikafuata maneno polepole. Alipofika pale Zaina anapomcheka polisi mzima, na yeye akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Njo yeye," alisema. "Alikuwa anasema hivi hivi."

Mlango ukafunguliwa. Askari aliingia, na nyuma yake Sumaili, mikono mitupu.

"Nimemukuta nyuma ya imprimeri, mukubwa," askari alisema. "Mutoto wa meza hauna kitu. Nimeuvuta wote."

"Na bunda?" Mwanvua aliruka. "Bunda lenye kamba?"

"Hakuna bunda, Mama."

Sumaili hakumtazama Mwanvua. Aliinama kwa adabu mbele ya Mzee, kama afanyavyo kila asubuhi. Mzee alimtabasamia. Bado alikuwa na ule ukurasa mkononi, na furaha yake haikuwa imemtoka usoni.

"Mwanangu, umekuja. Uwaonyeshe kaye, tumalize, twende nyumbani."

Sumaili alivua miwani. Aliifuta kwa pindo la shati, kioo cha kulia, kisha cha kushoto, akairudisha usoni. Ndipo alipomtazama mzee aliyemlea.

"Kaye gani, Baba?"

Mwanvua alinusa. Harufu ya karanga ilikuwapo, mkononi mwa Mzee. Lakini iliyoingia na Sumaili ilikuwa nyingine, ilikuwa katika shati na katika nywele, na ilikuwa harufu ya karatasi iliyoungua.